Nilivyougeuza Mlima Kilimanjaro

Juzi nilikuwa Tegeta, kwenye duka la binti mmoja anayechapa mabango kwa mashine. Mashine yenyewe ndefu kama kitanda cha futi sita. Anaweka picha kwenye kompyuta, anabonyeza, bango linatoka lenyewe huku yeye anakunywa chai. Alipojua kwamba mie nilikuwa nachora mabango kwa mkono, akanivutia kiti, akaniuliza, "Babu, katika kazi yako yote, ulichora kitu gani zaidi?"

Nikamwambia abahatishe.

"Samaki," akasema. Nikatikisa kichwa. "Basi vichwa vya kina dada, vile vya saluni. Kuku? Matairi?"

"Milima," nikamwambia.

Alicheka hadi chai ikamwagikia mezani. "Milima! Dar es Salaam hii? Babu, uliiona wapi?"

Hakujua amenishika pabaya. Maana kwa miaka ishirini na kitu sikuwa nimeuona hata mmoja, na bado nilikuwa nauchora na watu wananisifu. Nimeona niwaandikie nyie mnaoanza kazi hii sasa, kwa brashi au kwa mashine, mjue yaliyonipata.

Naitwa Salehe, mtoto wa Tandika. Huko Temeke nilikokulia ardhi imelala chali. Kitu kirefu nilichokijua utotoni ni lundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga na hamalizi, nasi tukilipanda na kuteleza hadi tunafukuzwa. Lakini msikilize mtu yeyote wa mji huu akifungua mdomo, mlima umo. Mwanafunzi hesabu zikimshinda anasema hesabu kwake ni mlima. Mtangazaji wa mpira, timu ikifungwa mawili mapema, anasema vijana wana mlima wa kupanda. Mama anarudi kazini anakuta nguo chafu: "Mlima wote huu nani atafua?" Beki mwenye mwili tunamwita Jabali. Chuo kikuu tunakiita Mlimani, na pale ni kimwinuko tu ambacho unakipanda huku unapiga stori na hupumui kwa shida. Na harusini, mzee wa nasaha hawaachi maharusi bila kuwaambia watapita milima na mabonde, wakati wenyewe wamepanga chumba Mbagala na bonde wanalolijua ni shimo la barabarani.

Kwa hiyo mtu akifungua biashara, alitaka mlima ukutani. Mgahawa unaitwa Meru. Bucha inaitwa Uluguru. Kuna kinyozi mmoja wa Tandika chumba chake kilikuwa futi nane kwa nane, viti viwili, na kilikuwa kinaitwa Kilimanjaro. Watu wa bara walitaka mlima kwa sababu ya kukumbuka kwao. Sie wapwani tulitaka baridi. Muuza soda mmoja aliniambia nimpigie theluji nyingi ukutani juu ya friji, na kwa jinsi umeme ulivyokuwa unakatika siku hizo, theluji yangu ndiyo iliyokuwa inaburudisha kuliko soda yenyewe.

Kazi nilijifunza Kurasini, kwa Fundi Chande. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mgongo umechoka kubeba magunia, nikaona huyu mzee anafanya kazi kivulini, ameketi kwenye kreti, anaandika jina kwenye bodi la lori kwa mkono usiotetemeka. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikamwomba anifundishe. Akanipa kipande cha mbao na chaki, akaniambia niandike herufi S mpaka jioni. Jioni akaja, akaangalia, akasema, "Herufi ina mifupa. Hizi zako zote ni minofu." Nikaandika S wiki nzima.

Malori yale yalikuwa yanasubiri mzigo karibu na yadi za makontena, na madereva hawana la kufanya ila kuzungumza. Kwao mlima si kitu cha kutazama. Hawasemi barabara inapanda, wanasema, "Pale kuna mlima." Mmoja anasema breki zilimfia mlimani, mwingine anasema alilala mlimani siku mbili gari limekata shafti. Dereva wa mteremko mkali wa Kitonga nilimsikia akisema kwamba kupandisha gari linalia lenyewe, lakini kushusha ni wewe unayelia. Fundi Chande, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Bagamoyo, alikuwa anawauliza maswali kama hakimu. Mlima kwa mbali una rangi gani? Na kwa karibu? Wingu linakaa kiunoni au kichwani? Kutokana na majibu yao akapata kanuni zake, na mie nawapa nyie bure: mlima wa mbali uutie bluu na kijivu, wa karibu ndio uutie kijani. Theluji usiitie nyeupe tupu, maana nyeupe tupu ni chokaa. Dondosha bluu kidogo ndipo ionekane ya baridi. Na theluji ipigwe mwisho, asubuhi na mapema, kabla vumbi la barabarani halijaamka. Ukipiga theluji saa saba mchana Temeke, saa nane una mlima wenye surua.

Dereva mmoja ndiye aliyempa Fundi Chande kalenda yenye picha ya Kilimanjaro. Picha nzuri ajabu, mlima nyuma, tembo watatu mbele. Mwaka ulipoisha tukachana miezi yote, tukabaki na picha. Tuliichorea miraba kwa penseli, na kila aliyetaka Kilimanjaro tulimkuzia kutoka hapo, mraba kwa mraba. Macho ya fundi wangu yalipoanza kufifia, akaniachia brashi zake na kalenda ile.

Nisiwafiche, makosa nilifanya mengi kabla ya hilo kubwa. Bi Mwanahawa wa Mtoni aliporudi hija aliniita nimchoree mlima wa Arafa kwenye ukuta wa madrasa yake. Nikafurahi, nikachora kwa moyo wote. Alipokuja kuangalia alisimama, akajishika kiuno. "Salehe mwanangu, hiki cheupe nini?"

"Theluji, Bi mkubwa."

"Theluji! Arafa! Sie tumeungua jua kule hadi pua ikabambuka, wewe umetuwekea theluji?" Watoto wote wa madrasa wakaangua kicheko, nami nikarudi kwenye ngazi kufuta.

Mwaka huohuo kwaya moja ya Tegeta ilitaka kitambaa cha kutundika nyuma yao, chenye mlima Sayuni. Nikamwuliza mwalimu wa kwaya Sayuni unafananaje, maana nilishaungua kwa Bi Mwanahawa. Akakuna kichwa. "Kwa kweli hata mie sijui. Chora wowote tu, ila usije ukawa Kilimanjaro. Waumini wengine watasema Wachaga wameichukua hadi Sayuni."

Basi. Sasa niwasimulie ya Mwalimu Tumpe.

Nilikuwa nimeshahamia Boko, nina jina, watu wananifuata nyumbani. Asubuhi moja akaja mama mrefu, mtu wa Rungwe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa bado anaongea kama ana chaki mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeambiwa unachora milima. Kilimanjaro unaujua?"

"Mwalimu, huo nauchora nimefumba macho."

Akakaa, akanieleza. Mumewe ni Mzee Aminieli, Mchaga wa Old Moshi, karani mstaafu wa bandarini. Miezi saba iliyopita alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelegea, na mdomo unampa neno moja moja: maji, hapana, choo. Daktari alisema asisafirishwe mbali kwa wakati ule. Siku nzima amelala anatazama dirisha, na dirisha linatazama ukuta wa jirani.

"Kila nikimuuliza anataka nini ananionyesha dirishani," akasema Mwalimu Tumpe. "Wiki iliyopita akasema, 'Mlima.' Mara moja tu. Nikafikiri anatafuta neno jingine limempotea. Kisha nikaelewa. Huyu amezaliwa akifungua mlango mlima uko pale. Sasa akifungua macho anaona tofali. Nataka uuchore kwenye huo ukuta."

Nikamuuliza yeye mwenyewe anaukumbukaje mlima kutoka kwao Mzee, maana Krismasi walikuwa wanakwenda.

"Mie?" Akacheka. "Salehe, mke wa Mchaga Krismasi anatazama mlima saa ngapi? Nilikuwa jikoni, moshi machoni. Ukitaka mlima wa kwetu, Rungwe, nitakuchorea mwenyewe sasa hivi."

Kulikuwa na tatizo moja. Ukuta haukuwa wao. Ulikuwa wa Bwana Kassimu, mtu wa pwani kama mie, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wezi walikuwa wamemwingilia, akaupandisha ukuta hadi ukapita dirisha la Mzee Aminieli, upepo ukakata na mwanga ukakata. Wakagombana, wakafikishana serikali ya mtaa, na tangu hapo hata salamu hakuna.

"Nenda wewe," Mwalimu akaniambia. "Nyie wapwani mtaelewana."

Nikamkuta Bwana Kassimu dukani kwake, katikati ya mifuko ya saruji, penseli sikioni. Nikamweleza haja yangu.

"Mlima? Kwenye ukuta wangu?"

"Upande wao. Wewe hutauona kabisa."

"Mlima gani?"

"Kilimanjaro."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Hawa watani zangu! Dukani wamenizunguka pande zote, sasa wanataka hadi ukuta. Na huyo mzee kwa nini asije mwenyewe? Miezi sasa hata barazani haonekani. Amejifungia ndani amenuna."

"Hajanuna, Bwana Kassimu. Amepigwa kiharusi. Hasemi, hatembei."

Akaitoa ile penseli sikioni, akaiweka mezani polepole. "Lini?"

"Miezi saba."

"Miezi saba," akasema. "Na mie niko palepale. Ukuta mmoja." Mteja akaja akauliza misumari, hakumjibu. Mwisho akaniambia tena, kama anajitetea kwangu, "Wallahi nilidhani kanuna."

Kisha akasimama, akaingia stoo, akatoka na makopo ya rangi ya nje, ile nzuri. "Chukua. Hiyo ya kwako itabanduka mvua za kwanza. Na anza kwa kusugua ule ukungu wa chini, usipake juu yake." Alinifundisha kazi yangu, nikakubali.

Nilisugua, nikapaka rangi ya msingi, nikapiga miraba kwa uzi wa chaki. Siku nne nilikuwa juu ya ngazi. Nikautoa mlima wote kama ulivyo kwenye kalenda, ila tembo niliwaacha, maana Mwalimu alisema mgonjwa hataki wageni wengi. Jumamosi asubuhi nikamaliza theluji. Mwalimu akampandisha Mzee kwa mito mitatu, akavuta pazia. Mie nimesimama nje kando ya dirisha, brashi mkononi, nasubiri sifa. Nilishazoea sifa.

Mzee Aminieli akatazama. Akatazama muda mrefu. Kisha uso ukabadilika rangi, na mkono wa kushoto, ule mzima, ukapiga kitanda, pu!

"Hapana," akasema. "Hapana! Huu... wa Kenya!"

Mie na Mwalimu tukatazamana.

"Kibo... kushoto! Kushoto! Nani... nani kakwambia..." Na akamalizia kwa neno la Kichaga ambalo hadi leo Mwalimu Tumpe amekataa kunitafsiria.

Nikajua sasa nitafukuzwa. Kumbe Mwalimu amezishika nondo za dirisha, machozi yanamtoka, anacheka. "Amegomba! Salehe, umemsikia? Amegomba! Miezi saba sijamsikia akimgombeza mtu!"

Yeye alicheka, mie sikuweza. Nilikuwa nimeelewa. Mlima ule una vilele viwili, Kibo mpana wenye theluji, na Mawenzi uliochongoka. Ukisimama upande wa Moshi, Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Ukivuka mpaka ukautazama kutoka Kenya, vinabadilishana. Mpiga picha wa kalenda yangu na tembo wake alisimama Kenya. Kwa hiyo miaka ishirini na kitu, kila Mchaga wa Temeke aliyenipa ukuta wake ili akumbuke kwao, nilimchorea mlima wa kwao kisogo.

Jioni ile nilikwenda Tandika kwa Mchaga mmoja mwenye baa, tuliyekuwa tunamwita Mangi, ambaye nilimchorea ukuta mzima. "Mangi," nikamwambia, "ule mlima wako..."

"Umegeuka," akasema. "Najua. Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wateja wangu wa kule wakikaa wanaubishania. Mmoja anasema umegeuzwa, mwingine anasema hapana, ndivyo unavyoonekana Rombo, mwingine anaapa kwa marehemu babu yake. Wakibishana hawaondoki, wanaagiza tena. Ukija kuurekebisha, fundi, nitakutimua."

Wengine niliowafuata waliniambia hawakutaka kunivunja moyo. Hapo jifunzeni, vijana. Mteja anayekusifu hajasema kazi ni sahihi. Anaweza kuwa ni mpole tu.

Mwalimu Tumpe aliniambia nigeuze tu ile picha, Kibo niipeleke kushoto, mambo yaishe. Ningeweza. Lakini nilimkumbuka yule mzee alivyopiga kitanda. Mtu aliyekuwa anajua kitu namna ile, ningemletea tena cha kukisia? Nikafunga begi, nikapanda basi la Moshi. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na ndiyo mara ya kwanza kupita Chalinze.

Alinipokea mdogo wake Mzee, Elifuraha, mkulima wa kahawa na migomba, mtu mcheshi. Nikamwambia nimekuja kuutazama mlima. Akatazama juu, akasema, "Haujatoka." Siku ya pili, haujatoka. Siku ya tatu nikamkuta mama mmoja njiani, kabla sijauliza akaniambia, "Pole, mgeni. Leo umejifunika." Watu wa kule wanauzungumzia kama jirani ambaye anajulikana tabia zake: umetoka, umelala, umejifunika, jana jioni ulichungulia kidogo. Mie nilikuwa nimeshaanza kufikiri labda haupo, labda ni njama ya watengeneza kalenda. Baridi inanitafuna, nimevaa makoti mawili ya Elifuraha, mikono imezama ndani kama ya mtoto aliyevishwa nguo za baba.

Siku ya nne kulipokucha akanigongea. "Fundi! Umetoka!"

Nikatoka mbio na daftari langu na penseli. Nikatazama mbele, juu ya migomba. Mawingu tu. Nikatazama kushoto, kulia.

"Uko wapi?"

Elifuraha akanijia, akanishika kidevu, akaninyanyua uso. "Juu," akasema. "Wewe unatafuta kilima."

Pale nilipokuwa nadhani ni mbingu, ndipo ulipokuwa. Juu ya mawingu, peke yake, theluji ikiwa na rangi ya waridi kwa jua la kwanza. Penseli ilianguka sijui saa ngapi. Nilikaa chini kwenye majani mabichi ya umande, mtu mzima, na sikuchora hata mstari mmoja hadi jua lilipopanda. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na kama mmewahi kukutana ana kwa ana na mtu mliyekuwa mkimsema kila siku bila kumjua, mtanielewa.

Baadaye nilichora, kurasa kumi na mbili. Nikaona kwamba theluji haikuwa kofia nzima kama nilivyokuwa naipiga. Ilikuwa vipande, michirizi. Elifuraha akanionyesha kwa kidole. "Sie tukiwa wadogo ilishuka hadi pale. Imepungua sana. Kaka yangu anaikumbuka ile."

Hilo likanisumbua njia nzima ya kurudi. Nimchoree mlima gani, wa leo au wa kwake? Nilipofika Boko sikushika brashi. Nikaingia chumbani kwa Mzee, nikamwamkia, nikamwonyesha kurasa zangu moja moja. Alizishika kwa mkono wa kushoto, akazisogeza karibu na uso. Nikamuuliza.

"Wa zamani," akasema. Akapumzika. "Wa sasa... nitauona mwenyewe."

Mwalimu Tumpe alikuwa anakunja shuka. Akageukia ukutani, akaendelea kukunja shuka ileile mara nne.

Nikafuta mlima wa Kenya, nikaanza upya. Mara hii sikuwa peke yangu. Mzee alikuwa msimamizi, kitandani, mkono wa kushoto ukiniongoza kama wa trafiki: juu, chini, simama. Maneno yakawa yanamtoka kwa kunikosoa. "Mawenzi... meno. Meno zaidi." Siku nyingine: "Wingu hilo... limekaa vibaya." Kulikuwa na dada wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anakuja mara tatu kwa wiki, na kazi kubwa aliifanya yeye, sitaki kumnyang'anya. Lakini Mwalimu alikuwa anasema dada anamnyoosha mkono na Salehe anamnyoosha ulimi.

Siku moja alasiri, niko juu ya ngazi, nikamsikia mtu anabisha hodi getini. Bwana Kassimu. Kanzu nyeupe, fungu la ndizi mkononi, anatazama chini. Akaja hadi dirishani.

"Shikamoo, Mzee."

Nilijifanya nachanganya rangi.

"Marahaba," akasema Mzee Aminieli. "Jirani. Karibu."

Kassimu akageuka akautazama ukuta wake. Mdomo ukabaki wazi. Akaletewa kiti, akakaa, na hakuondoka hadi adhana. Kesho yake akarudi. Ikawa desturi: akifunga duka anapita kwao kwanza, anakaa dirishani na Mzee, wanatazama. "Ukuta nimejenga mie," akaniambia, "na kuutazama lazima nibishe hodi kwa watu." Ya serikali ya mtaa sikuwahi kusikia wakiyataja. Ila nilipomaliza kazi, Kassimu alileta fundi wake akatoboa madirisha mawili ya matundu pembeni mwa ukuta, mbali na mlima, upepo ukaanza kupita tena.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ikapita. Mzee Aminieli akaanza kukaa, kisha kusimama kwa kushikwa, kisha fimbo. Maneno yakarudi, mengine yamechelewa, lakini yalirudi. Daktari akaruhusu safari. Mwalimu Tumpe alikuwa anawaza basi, Kassimu akakataa katakata. Basi la nini wakati gari lake lipo? Yeye ndiye atakayewapeleka. Alidai ana shughuli za mbao huko Moshi. Sote tulijua hana shughuli yoyote ya mbao. Alitaka kuuona. Wakaondoka alfajiri, watatu, Mzee kiti cha mbele na mto mgongoni.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu asubuhi niko uani nasafisha brashi, simu ikalia.

"Salehe!" Sauti ya Kassimu, upepo unavuma kwenye simu.

"Nakusikia."

"Umetoka."

Nilimsikia akipumua. Nikangoja.

"Bwana wee, Salehe," akasema mwishoni. "Umeuchora mdogo."

"Mie ningefanyaje? Ukuta wako mfupi. Ungeujenga mrefu zaidi."

Akapasuka kicheko, akamgeukia mtu pembeni akamwambia nilivyosema, nami nikamsikia Mzee Aminieli akicheka, kicheko cha kifuani, na Mwalimu Tumpe akisema jamani mtaanguka. Halafu sauti ya Mzee ikaja karibu na simu. Haikukatika hata mara moja.

"Salehe. Nautazama nimesimama."